Mahindi ni ya mtoto, wadudu ni wa kuku

Katika teritwari za Masisi na Walikale, mfugo wa kwanza kurudi ndani ya lupango baada ya vita ni kuku. Ng'ombe ameibiwa au amechinjwa, na kumpata mwingine ni kazi ya miaka. Mbuzi anahitaji malisho na mtu wa kumfuata mlimani, mahali ambapo wakaaji wengi wanaogopa kufika. Lakini kuku anabebwa kwapani usiku wa kukimbia, analala chini ya kitanda, na mtoto akiamka na homa anauzwa sokoni asubuhi ileile ili dawa inunuliwe. Kwa familia iliyohama mara tatu au nne, kuku ndiye akiba ya nyumba.

Kwa hiyo si ajabu kwamba kila mara msaada wa kurudisha maisha unapozungumzwa, kuku wanatajwa. Viongozi wanawataja, mashirika yanawataja, na akina mama wenyewe wanawaomba. Kinachosahaulika ni swali moja: kuku hao watakula nini?

Hesabu yake si ngumu. Kuku mkubwa aliyefungiwa anakula karibu gramu 100 za chakula kwa siku. Kuku 10 wanamaliza kilo moja kila siku, yaani kilo 30 kwa mwezi. Kilo moja ya mahindi ni bugali ya watoto jioni. Katika nyumba ambamo watu wanakula mara moja kwa siku, mama hawezi kumwaga mahindi mbele ya kuku huku watoto wake wakitazama. Atafanya moja kati ya mambo mawili: atauza kuku haraka kwa bei ya hasara, au atawaacha wajitafutie, na hapo wataanza kupungua mmoja mmoja. Baada ya miezi michache watu watasema kwamba wakimbizi hawajui kufuga. Wanajua sana. Walichokosa ni chakula cha kuku ambacho hakitoki kwenye sahani ya mtoto.

Chakula hicho kipo, na kinaweza kukuzwa nyumbani bila shamba na kwa franga kidogo sana: ni wadudu. Mchwa, nyungunyungu na mabuu, wale watoto wa nzi ambao watu wengi wanawaita funza, wanaweza kufugwa kwa maganda, samadi na makapi ambayo leo yanatupwa. Jambo hili linastahili kuchukuliwa kwa uzito na familia zilizohama, na familia zilizowapokea, na wakubwa wa kilimo pia. Lakini linahitaji akili na usafi, maana likifanywa ovyo kambini linaweza kuleta ugonjwa badala ya mayai.

Kuku mgeni

Wengine watajibu kwamba kuku wa kienyeji hajawahi kuhitaji kulishwa. Anafunguliwa asubuhi, anaparua, anakula wadudu na mbegu, jioni anarudi. Ni kweli, na ni kweli kwa yule aliye kwake, mwenye shamba la ndizi nyuma ya nyumba. Kwa aliye ugenini mambo ni mengine.

Mwaka 2025 ulionyesha hilo wazi. Mwezi wa kwanza mapigano yalifika Masisi-centre na Sake, na mwisho wa mwezi huo Goma ikaingia mikononi mwa M23. Mwezi wa pili kambi za pembeni ya Goma, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, zikabaki bila watu, na maelfu ya familia wakashika njia ya kurudi kwenye vilima vya Masisi. Mwezi wa tatu zamu ilikuwa ya Walikale-centre, ambayo ilitekwa, kisha ikaachwa mwanzoni mwa mwezi wa nne. Watu walikimbilia msituni, wengine wakapokewa na jamaa, wengine wakalala ndani ya shule na makanisa.

Katika maisha ya namna hiyo kuku hana pa kuparua. Hema za bashi zimebanana. Nyumba ya mwenyeji ina bustani ndogo ya sombe na maharagwe, na kuku wa mgeni akiingia humo mara mbili, maneno yanaanza. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa mkimbizi methali hii ni mambo ya kila siku: kuku wake afungwe, la sivyo atavunja uhusiano na jirani aliyempa kivuli. Na kuku aliyefungwa ni lazima aletewe chakula.

Hapo ndipo wadudu wanaleta amani kidogo. Kuku anayeletewa chakula ndani ya banda hana sababu ya kwenda kuharibu miche ya mwenyeji. Maganda ya ndizi ya mwenyeji yanaweza kuwa chakula cha mabuu ya mgeni, na mbolea inayobaki inarudi kwenye bustani ya mwenyeji. Ugomvi mwingi kati ya wahami na wenyeji huanza kwa vitu vidogo kama hivi, na kwa vitu vidogo unaweza pia kuzuiwa.

Ndani ya mdudu kuna nini

Kuku akikimbilia kumbikumbi baada ya mvua, anafuata kitu ambacho mwili wake unakitaka. Mahindi na muhogo vinampa nguvu, lakini nyama na yai vinajengwa kwa protini. Katika gramu 100 za mahindi, protini haifiki gramu 10. Katika gramu 100 za mabuu makavu ya nzi askari, ambaye atazungumziwa mbele, protini ni karibu gramu 40, na mafuta yapo mengi pia.

Wafugaji wa mjini wanatafuta protini hiyo kwenye soya na kwenye samaki wadogo waliokaushwa na kusagwa. Lakini soya ndiyo ya uji wa watoto wanaougua bwaki, na sambaza wa ziwa Kivu ni mboga ya watu. Zaidi ya hayo, chakula cha kuku cha viwandani kinategemea barabara. Barabara ikifungwa juma moja, bei inapanda, na ikifungwa mwezi, chakula hakipatikani kabisa. Wadudu hawangoji lori.

Wanaodhani haya ni mambo ya watu waliokosa njia wajue kwamba nchi nyingine zimeyachukua kwa uzito. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa kitabu kizima juu ya wadudu kama chakula cha watu na cha mifugo. Jijini Nairobi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kimefundisha wakulima kufuga mabuu kwa ajili ya kuku. Kenya na Uganda ziliweka kanuni za ubora wa wadudu wa kulisha mifugo mwaka 2017. Umoja wa Ulaya, wenye masharti makali kuhusu vyakula, uliruhusu protini ya wadudu kwa kuku na nguruwe mwaka 2021. Na hapa Congo mdudu si kitu kigeni: viwavi wanauzwa sokoni, na kumbikumbi wakitoka watoto wanakimbia na sahani. Kama mtu anakula, kuku atakataaje?

Mlima si msitu

Kosa la kwanza la kukwepa ni kufundisha njia moja kwa watu wote. Masisi na Walikale ni majirani, lakini hali ya hewa si moja. Vilima vya Masisi vingi vinapita mita 1,500 juu ya bahari, vingine mita 2,000, na usiku baridi inauma. Walikale-centre iko chini ya mita 1,000, ndani ya msitu, kwenye joto na mvua nyingi. Mdudu anayestawi Walikale anaweza kulala tu akipelekwa juu ya Masisi.

Kwa Masisi ya juu, mali iliyo karibu ni samadi ya ng'ombe. Hata baada ya uporaji wote, bado kuna malisho na ferme ambako samadi inapatikana. Ndani ya samadi yenye unyevu, iliyofunikwa kwa majani ya ndizi na kuwekwa kivulini, nyungunyungu wanazaana wenyewe. Sanduku la mbao au shimo la kina kifupi linatosha. Samadi iwe imepoa siku kadhaa, maana ikiwa mbichi inapata joto kali na kuwaua. Inyunyiziwe maji kidogo, isiloe. Maganda ya mboga yanaongezwa juu polepole. Nyungunyungu hawana haraka, na inachukua miezi kadhaa kabla ya kuanza kuvuna, lakini wanavumilia baridi ambayo nzi wengi hawaivumilii, na udongo wanaouacha ni mbolea nzuri ya bustani.

Kwa mabonde ya chini na upande wa Walikale, mahali penye vichuguu, njia rahisi ni mchwa. Wakulima wa Burkina Faso, Togo na Benin wanaitumia kulisha vifaranga. Mtu anachukua chungu cha zamani au kibuyu, anakijaza mabua makavu, magunzi ya mahindi na samadi kavu, analowanisha kidogo, kisha anakigeuza mdomo chini juu ya njia ya mchwa na kukifunika jua lisikipige. Anakiweka jioni, na asubuhi mapema, kabla ya joto, anakiinua na kukikung'uta mbele ya vifaranga. Kichuguu kisichimbuliwe mpaka kwa malkia. Kikiachwa hai, kitatoa mchwa tena kesho na keshokutwa.

Njia ya tatu ndiyo inayotoa chakula kingi kuliko zote, nayo inataka joto: ni ya nzi askari. Asili ya nzi huyu ni Amerika, lakini leo ameenea katika nchi za joto duniani, Afrika ikiwemo. Ni mweusi, mrefu, anafanana na nyigu lakini hana mwiba. Mabuu yake yanakula maganda ya ndizi, makapi ya mawese, makapi ya kasiksi, papai lililooza na mabaki ya chakula. Joto linaloyafaa zaidi ni nyuzi 27 hadi 30, na ndiyo sababu Walikale inayafaa kuliko vilele vya Masisi.

Chombo chake ni bidoni iliyokatwa au baseni kuukuu yenye matundu madogo chini ili maji yatoke. Maganda yaliyokatwakatwa yanawekwa ndani, na juu yake vipande vikavu vya karto au mbao vyenye nyufa. Nzi jike anataga humo karibu mayai 500. Mayai yanaanguliwa baada ya siku 4 hivi, na kwenye joto zuri mabuu yanakua ndani ya majuma mawili au matatu. Yakikomaa yanageuka rangi ya kahawia nzito na kutafuta mahali pakavu. Ubao ukiwekwa kama ngazi kutoka ndani ya chombo mpaka juu ya ndoo, yanapanda yenyewe na kuanguka ndani ya ndoo. Baadhi yanaachwa yageuke nzi ili uzao uendelee. Chombo kiwe chini ya paa, kwa sababu mvua ya Walikale inaweza kuyazamisha yote usiku mmoja, na miguu ya meza yake isimame ndani ya makopo yenye maji na mafuta machafu kidogo, la sivyo siafu watavuna kabla ya mwenye mali.

Chandarua kinaweza kusaidia kuzuia nzi wasitoroke, lakini kiwe kile kilichopasuka kabisa, na kifuliwe vizuri, maana dawa yake inaua nzi. Chandarua kizima ni cha mtoto na malaria yake. Asitokee mtu wa kumwambia mama akitoe kitandani kwa ajili ya kuku.

Nzi wa choo asiingie katika mpango huu

Hapa ndipo panahitaji ukali. Kuna watu wanaosikia habari ya mabuu na kwenda kuacha nyama iliyooza au uchafu wazi ili nzi wowote waje kutaga. Hiyo ni hatari kubwa, hasa mahali palipobanana. Nzi wa kawaida wa nyumbani anatua chooni, kisha anatua kwenye bugali. Anabeba vijidudu vya kuhara, na kipindupindu hakijawahi kuwa mbali na Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2023 kiliwapiga wakimbizi katika kambi za karibu na Goma, na watoto ndio waliolipa zaidi. Mtu anayefuga nzi wa nyumbani katikati ya hema anafuga ugonjwa wa majirani zake.

Nzi askari ana tabia nyingine. Akishakomaa karibu hali kitu, anaishi siku chache tu, hatafuti sahani za watu na haumi. Mabuu yake yakiwa mengi ndani ya chombo, nzi wa nyumbani hapendi kutaga humo. Hata hivyo chombo kinaweza kuvuta nzi wengine siku za mwanzo, kwa hiyo kifunikwe na kikae mbali na jiko, na chanzo cha maji, na mahali watoto wanapochezea. Katika kambi iliyobanana sana, ambako hatua kumi hazipatikani kati ya hema na hema, ni bora kazi hii ifanyike kwa pamoja pembeni ya kambi, kwa ruhusa ya wasimamizi na watu wa afya, kuliko kila hema kuwa na ndoo yake.

Kanuni nyingine hazihitaji shule kubwa. Mavi ya watu yasitumike kamwe. Mzoga usitumike, kwa sababu mabuu yaliyokula mzoga yanaweza kubeba sumu inayolegeza shingo ya kuku na kumuua. Mchwa au wadudu waliopulizwa dawa wasipewe kuku. Nyungunyungu wanaweza kumpa kuku minyoo, hivyo waoshwe na kuchovywa ndani ya maji ya moto kwa muda mfupi kabla ya kulishwa, na mabuu yafanyiwe vivyo hivyo. Chombo cha zamani cha dawa ya shamba kisitumike, hata kikioshwa mara kumi. Na anayeshika mabuu aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kushika mtoto.

Wadudu pia hawafanyi miujiza. Hawachukui nafasi ya chakula chote. Kuku bado anahitaji pumba au muhogo kidogo, majani na maji safi. Wadudu ni kama mboga juu ya bugali: kidogo asubuhi, kidogo jioni, na vifaranga wapewe kwanza, kwa kuwa katika majuma yao ya mwanzo ndipo wengi wanakufa. Na hakuna chakula kitakachomkinga kuku na ugonjwa wa Newcastle, ule unaofagia mabanda ya kijiji kizima ndani ya juma moja. Chanjo ndiyo kinga yake, na inapaswa kurudiwa kila baada ya miezi michache. Shirika linalogawa kuku bila chanjo na bila kufundisha chakula chao limegawa supu ya siku chache.

"Watu wanaomba amani, mnawapa funza"

Pingamizi lililo zito kuliko mengine halihusu usafi wala baridi. Linahusu heshima. Watu wamepoteza mashamba, nyumba na ndugu. Wanataka usalama na kurudi kwao. Kisha anakuja mtu na kaptula ya semina kuwafundisha kuokota maganda na kukuza funza. Baba wa familia, ambaye zamani alikuwa na ng'ombe wa maziwa na kuuza jibini la Masisi mpaka mjini, anaona anadharauliwa. Ana haki ya kuona hivyo.

Jibu la haki kwa baba huyo lina pande mbili. Kwanza, ni kweli kwamba hakuna ndoo ya mabuu inayochukua nafasi ya amani. Mashamba yenye kugombaniwa, watu wenye silaha njiani, kodi za vizuizi, hayo yote yanataka suluhisho la wakubwa, na hakuna mradi wa kuku unaopaswa kutumiwa kuwanyamazisha wanaoyadai. Kiongozi akija kupigwa picha na ndoo ya wadudu huku akikwepa swali la usalama, wakaaji wamuulize swali hilo mara mbili.

Pili, tumbo la mtoto halingoji mazungumzo yaishe. Wakati wakubwa wanasaini na kurarua makaratasi, mtoto wa miaka miwili anahitaji yai juma hili. Yai moja lililowekwa katika uji au sombe lina thamani kubwa kwa mtoto ambaye uso umeanza kuvimba kwa bwaki. Ganda la ndizi lililotupwa linaweza kuwa buu, buu likawa yai, na yai likafika kwa mtoto huyo. Kumwonyesha mama njia hiyo hakumvunjii heshima, mradi tu asilazimishwe, asidanganywe kwamba atatajirika, na maarifa yabaki mikononi mwake siku mradi utakapofunga ofisi.

Maana hiyo nayo ni hatari. Mafunzo mengi huja na vyombo vya kununua, mbegu za wadudu kutoka mbali na karatasi za kusaini. Mradi ukiisha, vyombo vinageuka ndoo za maji na kila kitu kinakufa. Kufuga wadudu kwa namna inayofaa Masisi na Walikale kunapaswa kuanza na vilivyopo: chungu kilichopasuka, bidoni, samadi, majani ya ndizi. Kisichoweza kubebwa au kuanzishwa upya baada ya kukimbia hakimfai mkimbizi. Na uzuri wa wadudu ni huo: vita ikija, mtu anaacha ndoo yake, na akifika mahali penye utulivu anaanza tena ndani ya majuma machache, kwa sababu mtaji wake uko kichwani.

Kila mtu na kazi yake

Mashirika yanayogawa kuku yanaweza kubadili utaratibu: mafunzo ya chakula na chanjo yatangulie, kuku wafuate. Familia ambayo tayari ina chungu cha mchwa au sanduku la nyungunyungu linalotoa ndiyo iliyo tayari kupokea kuku, na si lazima wawe 20. Wawili na jogoo wanatosha kuanzia.

Agronomu na veterineri wa eneo, pale walipobaki kazini, wana kazi ya kuonyesha njia ipi inafaa kilima kipi, na kuwapa watu maneno ya kweli juu ya usafi. Shule za sekondari zenye sehemu ya kilimo na ufugaji zinaweza kufanya majaribio katika viwanja vyao, kupima joto, kuhesabu siku na kuona kama vifaranga wanaolishwa wadudu wanakua kuliko wenzao. Hayo hayahitaji maabara. Yanahitaji mzani, daftari na mwanafunzi mwenye bidii. Watu wa afya washirikishwe tangu siku ya kwanza, wasije kuitwa baada ya watoto kuanza kuhara.

Wauzaji wa kasiksi na wa mafuta ya mawese wanatupa makapi kila siku ya soko. Kamati za soko zinaweza kupanga yachukuliwe na vikundi vya akina mama au vijana, hata siku ya salongo, badala ya kuyaacha yanuke kandokando ya barabara. Soko litakuwa safi zaidi, na vikundi vitapata malighafi bila kulipa.

Na familia yenyewe, iliyohama au iliyopokea, inaweza kuanza leo bila kungoja semina: chungu kimoja juu ya njia ya mchwa, au sanduku moja la samadi kivulini. Wakubaliane kwanza na jirani mahali pa kukiweka, maana jirani akishirikishwa hatalalamika. Wajaribu kwa vifaranga wachache na waangalie kwa macho yao. Wakiona vifaranga wanapona na mahindi yanabaki katika mfuko, hawatahitaji mtu wa kuwashawishi. Na yai la kwanza lisikimbilie sokoni lote. Liwe la mtoto kwanza.